Kikombe cha Dirishani

Siku ya kumi na nne tangu maiti yake ichomwe, saa kumi kasorobo za alasiri, Bibi Indumati alirudi nyumbani kunywa chai. Shevanta alikuwa jikoni, ghorofa ya nne, akiponda tangawizi. Mchaichai ulikwisha kuingia kwenye sufuria. Alisikia kikohozi, akageuka, akamwona bibi amesimama mlangoni na sari yake nyeupe yenye pindo la buluu, ileile aliyochomwa nayo, haina hata alama ya masizi.

"Weka sukari vijiko viwili," bibi alisema. "Ule ugonjwa nimeuacha kulekule."

Shevanta akaongeza kijiko. Kilichompa tabu kidogo ni kilichofuata, maana bibi alikipita kiti chake cha karibu na mlango, akakusanya pindo la sari, akaketi sakafuni na kuegemea jokofu. Hapo palikuwa mahali pa Shevanta.

"Sogea basi, au nilikufa nikakuachia jiko lote?"

Shevanta akasogea.

Kwa miaka ishirini na miwili wanawake hao wawili walikunywa chai ya saa kumi pamoja, kama neno pamoja linatosha. Bibi alikaa kwenye kiti na Shevanta chini. Sufuria ilikuwa moja, lakini vikombe vya nyumba vilikuwa vya udongo wenye maua, vimepangwa kabatini, na kikombe cha Shevanta kilikuwa cha chuma, kimebonyea upande mmoja, na makao yake yalikuwa dirishani, kimefunikwa kifudifudi karibu na sabuni ya kufulia. Hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Nyumba ile haikuwa na mtu mbaya. Walimwita mama mdogo, kama watu wote wa mji ule wa Pune wanavyowaita wanawake wanaowafulia na kuwapikia. Kila sikukuu ya Diwali walimpa sari mpya na boksi la peremende. Walikula chapati alizozisukuma kwa viganja vyake na kulala juu ya mashuka aliyoyatandika. Mikono yake ilikuwa ya nyumba. Mdomo tu ndio uliokuwa wa kwake.

Na walikuwa na mengi ya kuzungumza, kwani wote wawili walizaliwa kijiji kimoja kando ya mto Krishna. Bibi alitoka kwenye nyumba za tabaka la juu, karibu na ngazi za hekalu. Kwao Shevanta kulikuwa chini zaidi, mto unapopinda, ambako maji hufika watu wa juu wakishamaliza kuyaoga.

Bibi alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha maua alichomiminiwa. Vidole vikapita katikati ya kikombe kama vinapita kwenye mvuke. Akajaribu tena, wapi. Akageukia kile cha chuma mkononi mwa Shevanta, akakishika, kikashikika. Akanywa, akafumba macho.

"Ina ladha ya maji ya kwetu," alisema. "Sasa nimejua kwa nini kunguru alinikatalia."

Suala la kunguru Shevanta alikuwa nalo moyoni. Siku ya kumi ya msiba, familia ilikwenda mtoni na kuweka matonge ya wali kwa ajili ya marehemu. Kunguru akidonoa, marehemu ameridhika. Asipodonoa, ameondoka na haja yake, na jamaa hupaswa kusimama pale na kumwahidi hadi aridhike. Kunguru wa Pune hawana haya, huiba hadi mkate ulio mdomoni mwa mtoto, lakini siku ile walijipanga ukutani na kuutazama wali tu. Shirish, mwana pekee wa marehemu, aliahidi kumalizia nyumba mpya. Aliahidi kutengeneza ngazi za hekalu la kijijini. Aliahidi kuacha sigara, jambo ambalo mkewe alilisikia kwa furaha. Kunguru hawakusogea. Jua lilipowazidi, kuhani alifuma kunguru wa majani, akaugusisha mdomo wake kwenye wali, na watu wakarudi nyumbani kula.

"Haja yenyewe ilikuwa nini, bibi?" Shevanta aliuliza.

"Kunywa chai na wewe. Mezani, kiti kwa kiti, watu wakiona. Hapa chini ni kama tunaiba."

"Si ungesema ukiwa hai?"

"Nilimwogopa mkwe wangu, mke wa Shirish."

"Wifi? Mbona yeye ndiye alikuwa anakuogopa wewe!"

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Kila mtu alimwogopa mwenzake, na kikombe kikakaa dirishani."

Wakacheka hadi Shevanta akashika mbavu. Kisha walipokezana kikombe, yeye funda moja, bibi funda moja, hadi kikaisha. Saa kumi na moja bibi aliinuka, akatoka nje kupitia mlango uliofungwa. Siku ya pili akaja tena, na ya tatu. Walikuwa nazo siku kumi na moja za namna hiyo. Shevanta hakuzihesabu wakati ule; alizihesabu baadaye, na bado anazihesabu.

Siku ya kumi na mbili Ketaki, mke wa Shirish, alirudi mapema kutoka shule anakofundisha uraia. Alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama!" alisema. "Sakafuni?" Kisha akaona zaidi. "Na hicho kikombe?"

Shirish alipigiwa simu kazini, akaja mbio. Alipiga magoti mbele ya mama yake akalia kama mtoto, kwa sababu alikuwa akimkumbuka sana, usiku na mchana, na hilo lilikuwa kweli tupu. Alipofuta machozi alisema, "Inuka mama, njoo ukae mezani. Majirani watasemaje?"

Bibi akainuka. Alipokuwa hai alimtii baba, kisha mume, kisha mwana, na kufa hakukumbadilishia zamu.

Meza ya nyumba ile ina viti vinne. Bibi alikalishwa katikati ya mwanawe na mkwewe. Wakamletea kikombe cha maua, vidole vikapita. Wakaleta kile cha fedha cha harusi yake, navyo vikapita. Mwishowe Shirish alikubali shingo upande kwamba kiletwe cha chuma, ila Ketaki aliona kwanza kisafishwe ipasavyo. Kilisuguliwa kwa majivu na ukwaju, kuhani akaja akakinyunyizia maji ya mto mtakatifu wa Ganga na kukisomea. Kikang'aa hata wakaona nyuso zao. Bibi akanyoosha mkono, na vidole vikapita.

"Sasa kimekuwa kama vingine," alisema kwa huzuni.

Walihangaika siku nne. Siku ya tano Shevanta, akiwa peke yake jikoni, alimimina chai kwenye kile kikombe kwa mazoea tu, akanywa funda. Bibi aliinua kichwa kule mezani. "Hicho," alisema. "Kileteni." Na alipokipokea, alikishika barabara na kunywa yote.

Kuanzia hapo mambo yakapata utaratibu. Saa kumi Shevanta anakunywa funda moja, akiwa sakafuni. Shirish anakuja na leso, anakishika kikombe kwa leso, anampelekea mama yake. Ketaki anapakua sahani ya mchele bapa uliokaangwa na karanga. Wanamweleza mama habari za mtaa, naye anawasikiliza, kwa sababu anawapenda.

Jioni moja bibi aliweka kikombe chini akasema, "Nataka Shevanta aje akae hapa." Akaonyesha kiti cha nne.

Ketaki alikuwa wa kwanza kujibu.

"Mama, sisi hatuna mambo hayo ya kizamani. Nani amewahi kumkataza? Yeye mwenyewe ndiye amezoea chini. Tukimkalisha juu tutamwonea bure."

"Muulize," bibi alisema.

Wakamwita. Shevanta alisimama kwenye kizingiti akifuta mikono. Viti vile alivijua kuliko yeyote. Amevipangusa asubuhi zote za miaka ishirini na miwili, na alijua kwamba cha nne kina mguu unaotikisika kidogo. Magoti yake yalikuwa yakimuuma. Alimwangalia bibi, akaona uso wa mtu aliyesafiri mbali kwa jambo moja.

"Mama mdogo," Shirish alimuuliza kwa upole, "eti unataka kukaa nasi?"

Wote wawili, mume na mke, walikwisha kuandaa tabasamu la kupokea jibu walilolizoea.

"Ningependa kukaa," Shevanta alisema.

Shirish akacheka, kama anavyocheka mtu aliyesikia utani wa mtoto wake. Kisha akaona hakuna anayecheka naye, akakaza uso. "Sikilizeni," alisema. "Kunguru alikataa kwa sababu ya haja hii, si ndiyo? Basi mama akitimiziwa ataondoka. Mnataka mama aondoke? Mama mdogo, wewe unataka bibi yako aondoke?"

Shevanta alimtaka bibi kando yake kwenye kiti, na alimtaka kesho, na keshokutwa. Akaanza tena kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Umeona?" Shirish alisema. "Tunafanya hivi kwa mapenzi."

"Siku moja tutakaa sote," Ketaki akaongeza. "Tukihamia nyumba mpya."

Nyumba mpya bado inajengwa. Matonge ya wali huwekwa dirishani kila asubuhi, kunguru huja, huyatazama, huenda zake.

Na saa kumi, Shevanta huketi na kuegemea jokofu, hunywa funda lake, huisikia leso ikija. Mlango wa jikoni huachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Kupitia uwazi huo humwona bibi akikizungusha kikombe taratibu hadi apate pale mdomo wa Shevanta ulipogusa, na kunywea papo hapo. Hatua nane ziko kati yao. Karibu na saa kumi na moja, wenyeji wakiwa wanaangalia televisheni, bibi huweka kikombe mezani na kunyoosha mkono akivute nje kiti cha nne. Mkono hupita katikati ya mbao. Hujaribu tena, na tena, hadi saa yake ifike.

Shevanta hukiendea kikombe, hukiosha cha mwisho, baada ya vyote.

"Usikichanganye na vyetu, mama mdogo," Ketaki husema kutoka sebuleni.

"Hakichanganyiki, wifi," hujibu, na kukifunika dirishani.