Mashine ya Kiunoni mwa Agathe

Hebu niambie wewe unayesikiliza: mume akifa, kitu kilichofungwa kiunoni mwa mjane ni cha nani?

Kwa ukoo wa Cyprien, watu wa mto kutoka Yanonge, jibu lilikuwa rahisi. Kila kilichotoka mkononi mwa marehemu ni cha ukoo, mpaka siku tonton mkubwa, mzee wa ukoo, atakapoondoa matanga na kugawa. Vikwembe vya kitenge, sufuria, kitanda, hata kiberiti. Ndiyo maana asubuhi ile ya mwaka themanini na tano, Cyprien alipoletwa kutoka barabara ya Bangboka amefunikwa shuka, dada yake Félicité aliingia chumbani kumvua mjane, Agathe, vitu vyote. Hereni. Pete. Viatu. Halafu mkono wake ukagusa tumbo.

Palikuwa na kisanduku cha buluu, kizito kama mche wa sabuni, kimefungwa kwa mkanda, na mrija mwembamba kama uzi wa nyavu ukitoka humo kuingia katika ngozi. Agathe alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu usichana. Masista walimpeleka Ubeligiji, wakamfundisha kuvaa mashine hiyo, iliyomtilia dawa kidogo kidogo, mchana na usiku. Cyprien aliuza pikipiki yake ili ipatikane. Habari ya pikipiki ukoo mzima uliijua. Habari ya sukari hakuna aliyeishika.

Félicité akachomoa mrija polepole, kama mtu anayetoa mwiba, akasema hii nayo ni jasho la kaka yetu. Mashine ikaingia katika sanduku la bati, juu ya suti ya abakosti ya Cyprien na beji yake ya chama. Vichupa vya dawa vilivyokuwa vikipozwa ndani ya mtungi wa maji vilibaki humo humo chumbani. Mlango ukafungwa, ufunguo akapewa tonton Faustin, mzee huyo wa ukoo.

Na mjane hasemi. Hiyo pia ilikuwa desturi yao: anakaa chini mkekani, kichwa kimenyolewa, na akitaka jambo analinong'oneza kwa mjane mwenzake, naye ndiye anayelipeleka kwa wakubwa. Mdomo wa Agathe alikuwa mama Pélagie, mjane wa siku nyingi, mtu mwema, ila mwoga kama kuku mgeni.

Siku ya kwanza Agathe alimnong'oneza kwamba bila mashine na dawa yake hatavuka siku tatu. Pélagie akavuka ua, akapiga magoti mbele ya tonton Faustin, akayaona macho yake mekundu ya kilio, akasema mjane anaomba maji. Wakampa maji. Jioni akatumwa tena, akarudi na maji tena.

Agathe alikunywa ndoo nzima, akakojoa, akanywa. Siku ya pili, walipomzika Cyprien, alitapika mboga yote ya sombe aliyolishwa. Ulimi ukawa mkavu kama gamba la samaki. Akapumua kwa kina na kwa haraka, kama mwanamke anayetwanga, na pumzi yake ikanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wanawake wakasogeza mikeka yao mbali. Mmoja akacheka chini chini, akauliza ni nani aliyemwachia mjane mkungu mzima peke yake. Félicité hakucheka.

"Cyprien anamukalia ku kifua," alisema. "Mutu mwenye hana kosa hawezi kupumua hivi."

Agathe akamvuta Pélagie karibu, akamwuliza aliwaambia nini hasa wale wakubwa. Pélagie akaficha uso katika kikwembe.

"Maji, mwanangu. Niliwaambia maji tu. Wangesema tulimuloga pamoja."

Asubuhi ya tatu wanaume walikuwa wamekaa uani, wakinywa chai. Agathe alijaribu kusimama, miguu ikamkataa. Basi akatambaa, magoti yakikwaruza mchanga, huku Félicité akimkumbusha kwamba mjane anayesema kabla nywele hazijaota anaita kifo kingine nyumbani. Hakuna aliyemgusa kumzuia. Alipofika kwenye kiti cha tonton Faustin alikusanya pumzi, na sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba lakini ua wote uliisikia.

"Tonton, nyumba mukamate. Vikwembe mukamate. Ile mashine tu munirudishie leo, na dawa yake. Cyprien nilimupenda, lakini sitaki kumufuata. Niko nataka kuishi."