Jina Zito la Mbah Saimun

Mtandao umetuletea neema nyingi hapa Karangsono, kijiji chetu cha Java, na mtu asiniambie mimi ni mzee mpinga maendeleo. Zamani ukitaka muziki ilibidi ununue kaseti kwa Bu Tutik, mama mwenye duka sokoni, na ukimkuta kaamka vibaya anakuuzia mawaidha. Siku hizi muziki ni bure, unaingia wenyewe kwenye simu hata usipoutaka, na wanamuziki wetu wote wamepata nafasi nzuri ya kulima. Kaseti zilizombakia Bu Tutik aliwagawia wakulima. Tepu zilitandazwa juu ya mpunga, zikawa zinametameta na kuvuma kwenye upepo, ndege wakakimbia. Za Mbah Saimun, yaani Babu Saimun, mwimbaji wetu, ndizo zilizofukuza ndege vizuri kuliko zote. Nilimwambia. Hakufurahi.

Nilipeleka barua za watu kwa miaka thelathini, na kila Jumapili nilipiga ngoma kwenye bendi ya huyo Saimun, ya dangdut, muziki wetu wa kuchezea. Nyimbo zake nyingi hazikumdhuru mtu. Mmoja tu ulikuwa mzuri kweli, "Sandali Zako Bado Mlangoni", aliomtungia mkewe Sumirah alipokwenda kujifungulia kwa mama yake akakaa huko miezi mitatu. Ulitoka mwaka 1989, ukauzika kutoka kwetu mpaka Surabaya, na kwenye jalada lilikuwepo jina lake la wakati ule kwa herufi za dhahabu: Jagat Buwono Kusumo.

Sasa, Jagat maana yake dunia. Buwono nayo ni dunia. Mtu mwenyewe ana kilo hamsini na mbili, amebebeshwa dunia mbili. Mwaka uliofuata miguu ikagoma. Alilala miezi saba. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakaona mtu mzima wa afya aliyelala. Mama mkwe wake, ambaye shule aliiona kwa nje, alimtazama mara moja tu akasema, "Jina limemlemea." Tukapika uji mwekundu na uji mweupe wa kubadilishia jina, majirani wakaketi kwenye mikeka, dua ikasomwa, akatangazwa kuwa Saimun, jina lisilobeba kitu. Siku ya nne akainuka akaulizia tempe, soya yetu ya kukaanga. Tangu siku hiyo karatasi zake zote zinasema Saimun, kuanzia kitambulisho hadi kadi ya mbolea. Jagat tulimwacha kwenye kaseti, na kaseti, kama nilivyosema, zikaenda kufukuza ndege.

Mwaka jana mjukuu wake Vika akapata mchumba. Mama yake Vika, yaani Rusmini, binti pekee wa Saimun, yuko Taiwan mwaka wa saba sasa, anamtunza bibi kizee aliyepooza, na wenye nyumba walikataa katakata kumpa likizo. Alimpigia baba yake simu akaomba kitu kimoja.

"Bapak, siwezi kuja. Lakini Vika akipiga magoti kuomba radhi za wazazi, nataka nimwone. Na nataka wimbo wa Mama uimbwe, uuimbe wewe. Mengine yote fanyeni mnavyojua."

Sumirah alifariki Rusmini akiwa hukohuko. Mazishi ya mama yake aliyaona kwenye simu, na katikati ya mazishi simu ya huku ikaisha chaji.

"Jambo dogo hilo, Nduk," akasema Saimun, kwa jina tunalowaitia mabinti zetu. Ni mtu wa kusema hivyo kabla hajajua jambo lenyewe.

Akamwita Bu Tutik, maana Bu Tutik hakuzikwa na kaseti zake. Leo ana simu tano juu ya vijiti na anarusha mtandaoni harusi za wilaya nzima, mubashara, ili mama walioko Taiwan na Hong Kong wapate mahali pa kulilia. Siku kumi na mbili kabla ya harusi tukafanya mazoezi uani kwa Saimun, saa nne asubuhi, simu zote zikiwa hewani kwa majaribio. Nikapiga ngoma. Saimun akaimba mstari wa kwanza, akaimba wa pili, skrini zote tano zikawa nyeusi.

"Umefanya nini, Mbah?" Bu Tutik akauliza.

"Nimeimba."

"Hapa wanasema umeiba." Akavaa miwani akasoma: "Muziki huu ni mali ya Jagat Buwono Kusumo. Ukirudia kosa, matangazo yako yatafungwa kwa siku tisini."

Saimun alicheka mpaka akakaa chini. Sisi wengine tulichelewa kidogo kucheka, kwa sababu Bu Tutik hakucheka kabisa.

Mambo yalikuwa hivi. Msichana mmoja wa Bandung alikuwa amecheza na paka wake kwa wimbo huo, ukiwa umekimbizwa mara mbili ya mwendo wake, Saimun akisikika kama panya mwenye huzuni. Watu milioni arobaini wakatazama. Madaktari wakaucheza wodini, trafiki wakaucheza njia panda. Kampuni moja ya Jakarta, yenye huruma isiyo kifani, ikakimbilia kuusajili wimbo kwa jina lililo kwenye jalada, ili kumlindia mali yake huyo Bwana Jagat, "ambaye kwa sasa hajulikani aliko." Kwa hiyo mwenye wimbo alikuwa analindwa vizuri sana. Alikuwa analindwa hata dhidi yake mwenyewe.

Tukatuma kitambulisho chake Jakarta, kisha tukapiga simu. Akapokea binti mwenye sauti tamu.

"Mbah, ruhusa anaitoa Bwana Jagat peke yake."

"Ndiye mimi."

"Kitambulisho ulichotuma kinasema Saimun."

"Nilikuwa naumwa."

"Pole sana, Mbah. Umeshapona?"

"Nilipona nilipobadili jina."

Tukasikia binti akibofya vitufe. "Sasa Mbah, Bwana Jagat alikwenda wapi?"

Saimun akanipa simu. Nami nikaikata.

Mahakamani wakasema kurudisha jina kwenye karatasi ni miezi minne, karani akiwa na bidii. Sisi tulikuwa na siku sita. Hapo ndipo nikatoa ushauri wangu, ambao hadi leo nasimangwa nao. Nilisema jina halikuondoka kwa mahakama, liliondoka kwa uji. Basi lirudi kwa uji.

Saimun akapauka. "Mo, unataka nirudi kitandani?"

"Wiki moja tu, Kang," nikasema, kama mdogo kwa kaka yake. "Unalichukua, unaimba, unalirudisha. Kama kuazima baiskeli."

Alimfikiria Rusmini, akakubali. Tukapika uji, mwekundu na mweupe, dua ikasomwa, majirani arobaini wakashuhudia kwamba Saimun ni Jagat tena. Wote wakatia sahihi, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Bu Tutik akapiga picha karatasi, akapiga na sufuria ya uji kwa uthibitisho, akatuma. Ushahidi wa namna hiyo hapa kwetu unatosha kumwoza mtu, unatosha kumzika.

Jibu lilikuja baada ya sekunde mbili, kutoka kwa ile mashine yao inayojibu watu. "Habari Kaka! Asante kwa picha nzuri ya chakula. Kwa maoni kuhusu migahawa, bonyeza tano."

Wakati huohuo jina lilishaanza kazi. Siku ya kwanza nyigu alimng'ata Jagat kwenye kope. Siku ya pili pikipiki yake, ikiwa imeegeshwa na haina mtu, iliteremka yenyewe mpaka kwenye mfereji wa mpunga. Atakayesema hakuiegesha vizuri na aseme, mimi niliiona ikienda kwa hiari yake. Siku ya tatu aliamka akasema mguu wa kushoto ni mzito.

"Umelala vibaya," nikamwambia.

"Nimelala na dunia mbili juu yangu! Pika uji, Mo, pika haraka!"

Akarudi kuwa Saimun kabla ya adhuhuri. Majirani walikuja kwa moyo mmoja, wakala, wakauliza kama kuna mpango wa kubadili jina la mtu mwingine.

Zikabaki siku mbili. Saimun alikaa barazani na simu mkononi, hajampigia Rusmini. Akiimba, matangazo yanakufa, na binti yake anatazama skrini nyeusi wakati mwanawe anapiga magoti. Asipoimba, Rusmini atamwona Vika lakini wimbo wa mama yake hatausikia. Alikuwa ameshaanza kuandika ujumbe: "Nduk, nisamehe..." Aliandika mpaka hapo, akafuta. Akaandika tena hivyohivyo.

Kilichotuokoa ni usahaulifu wa Bu Tutik. Alikuwa amesahau simu moja hewani jikoni, walipokaa wanawake wa mtaa wakimenya vitunguu vya harusi. Nilikwenda kuiba karanga nikawakuta kumi na wanne wanatwanga pilipili na wanauimba. Wimbo uleule! Kila mmoja kaanza kwake, mmoja yuko ubeti wa pili, mwingine kasahau maneno anaweka ya kwake, na Bu Kasiyem yuko juu ya sauti yoyote inayojulikana. Nikatazama skrini. Haikuwa nyeusi. Ile mashine yenye masikio makali iliwasikiliza nusu saa nzima, ikawapanga kwenye kundi la mapishi.

Nikamwita Saimun. Akatazama skrini, akatazama wanawake, akanitazama mimi. Alielewa kabla sijafungua mdomo, na hakupenda.

"Mo. Miaka arobaini na mitano sijawahi kutoka kwenye sauti."

"Najua, Kang."

"Hata nilipokuwa na jino bovu."

"Najua. Lakini ukiimba vizuri tu, tumekwisha."

Siku ya harusi uani palijaa watu mia sita, na simu tano kwenye vijiti vyake. Nyuma ya simu ya kwanza alisimama Bu Tutik na kitambaa chekundu mkononi. Tulikubaliana akikipunga maana yake mashine imeanza kutega sikio. Kwenye kona ya skrini alionekana Rusmini, kajifungia chooni kwa waajiri wake na kavaa kebaya, blauzi yake ya harusi za nyumbani, nywele kazifunga vizuri. Vika na mumewe wakapiga magoti mbele ya babu. Kiti cha mama kilikuwa kitupu, juu yake tumeweka simu ya kutolea sauti ya Rusmini.

Bendi ikanyamaza. Wanawake wa jikoni wakaanza na vinu. Kisha watu mia sita wakaufungua wimbo, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti aliyopewa, na katikati yao Saimun akaimba vibaya. Mimi nimesikia waimbaji wabaya, nimewapigia ngoma wengine, lakini ubaya ule ulikuwa wa kusomea. Alipitia pembeni ya kila noti kama mtu anayekwepa deni la dukani. Jasho lilimtoka. Skrini ikabaki na mwanga.

Ubeti wa mwisho ndio ule unaosema nimezifuta vumbi sandali zako, zisikukatae ukirudi. Hapo Vika aliinua uso, akakitazama kiti cha mama yake, akaanza kulia, na Saimun akasahau. Sauti yake ikaingia mahali pake. Ilikuwa ileile ya kaseti, safi, na watu waliomzunguka, wajinga wale, wakanyamaza wamsikilize!

Bu Tutik akapunga kitambaa kama anayezima moto. Kwenye skrini yakatokea maandishi: Tunachunguza muziki huu. Nikaruka na ngoma yangu nikapiga mapigo yasiyo na ukoo na wimbo wowote. Bu Kasiyem akaligonga sufuria la wali kwa mwiko, wenzake wakadaka masinia, jogoo wa jirani akaona ni vita akajiunga. Saimun aliimba mpaka neno la mwisho ndani ya kelele hizo, vizuri, hakuna aliyeweza kumsikia isipokuwa sisi tuliokuwa karibu naye na simu iliyokuwa juu ya kiti. Maandishi yakakaa. Yakakaa. Yakaondoka. Chini pakaandikwa: Sauti za mtaani.

Video ile imetazamwa sana baadaye, naambiwa kuna watu wanaichezea huko Bandung, na mashine imeandika kutuuliza kama tungependa kusajili kelele zetu na kwa jina la nani. Hatujajibu. Wimbo wenyewe bado uko Jakarta, unalindwa, na Bwana Jagat bado anatafutwa kwa bidii zote.

Lakini siku ile, masinia yaliponyamaza, tulisikia mtu akijifuta kamasi kwenye kiti kitupu.

"Bapak," akasema Rusmini.

"Nduk."

"Umeimba vibaya sana."

Saimun akaichukua simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso wake.

"Nilijitahidi, Nduk," akasema. "Mwishoni tu pale ndipo iliponishinda."

"Pale nilipasikia," akasema Rusmini.