Ukurasa wa Kumi na Moja

Picha yake ilisimama juu ya sefu iliyofungia pasipoti yangu. Jawaher, binti wa nyumba, mbele ya vipaza sauti, bendera ya samawati yenye nyota nyuma ya bega lake, kidole kimoja hewani kama anayeionya dari. Kila asubuhi niliipangusa vumbi. Niliipangusa vizuri, kinyongo hakikuwahi kunifanya mvivu.

Nyumba ilikuwa Al Khuwair, Maskati, ghorofa ya tatu, madirisha yakitazama barabara kuu. Mkataba wangu wa miaka miwili ulikuwa umekwisha miezi tisa nyuma. Nilipodai pasipoti nirudi Nakuru kwa mwanangu Joy, Yaqdhan, mwana mkubwa wa nyumba, aliniambia ningoje baba yao apone. Baba hakupona. Nilipodai tena akaniambia ningoje Bi Bakhita, mama yao, mzaliwa wa visiwani kwetu Afrika, amalize eda: miezi minne na siku kumi mjane hatoki, na mjane haachwi peke yake. Ijumaa yangu ya mapumziko ikazikwa pamoja na mzee. Tukawa wafungwa wawili, ila mwenzangu aliijua siku yake ya kutoka.

"Jemimah, nnakuonea imani," alikuwa akiniambia, "lakini hicho Kiswahili chako cha bara kinanikwaruza masikio."

"Na chako kinanibembeleza, Bi Mkubwa, mpaka nasahau kwetu."

"Huna adabu, wewe!" Akacheka, kisha akakumbuka kwamba ni mjane, akanyamaza.

Siku ya tisini ya eda, Jawaher akaja kutoka Ubelgiji. Habari zake nilizijua kama nijuavyo vyombo vya jikoni. Alikwenda huko kusomea sheria, akabaki, akachukua uraia, akawa wakili wa wafanyakazi: wapishi, wafagiaji, yaya. Kesi ya mtumishi aliyefungiwa pasipoti na tajiri wake ndiyo iliyompa jina, jina likampa kura, na kura zikamkalisha katika Bunge la Ulaya. Hotuba zake nilizitazama kwenye simu, niliyoificha ndani ya beseni la nguo za kupiga pasi. Sikuijua lugha. Kidole nilikielewa.

Kesho yake asubuhi aliingia jikoni kutafuta iliki. Nikamwambia yangu bila kuzunguka.

Uso wake ukawa wa kazini. "Sikiliza. Bila maandishi hakuna kesi. Kila mteja wangu nilimwambia hivi: chukua daftari, uandike yote tangu mwanzo. Tarehe, saa, nani alisema nini. Usimfiche mtu."

"Yote, dada?"

"Yote."

Mimi nina diploma ya uandishi wa habari. Maskati nilipewa fagio, lakini kalamu haikunisahau. Niliandika kwa siku mbili, kati ya sufuria na pasi, upande mmoja wa kila karatasi, na Alhamisi alasiri, Bi Bakhita akiwa amejilaza, nikampa daftari.

Alisoma amesimama, akipiga mistari chini ya maneno. "Vizuri. Una jicho, Jemimah." Akafunua. "Vizuri sana." Kwenye ukurasa wa kumi na moja kalamu yake ikasimama.

Nilijua alipofika. *Idi ya mwaka jana. Binti wa nyumba amekuja likizo. Nimemwomba amwambie kaka yake anipe pasipoti yangu niiweke mwenyewe. Amesema: Nimekuja kupumzika, usinigeuzie nyumba ya mama mahakama. Kisha amenipa nguo zake nifue.*

"Mimi sikumbuki haya," alisema.

"Mimi nakumbuka. Blauzi tatu za hariri. Ulisema nisizikamue."

Friji ilinguruma. Nje magari yalipita na watu waliokwenda walikotaka.

"Uchaguzi ni mwakani," alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Ukurasa huu ukitoka, adui zangu hawatahitaji mwingine. Ung'oe. Pasipoti utaipata leo."

"Jawaher!" Bi Bakhita akaita kutoka chumbani. "Mnanong'ona nini huko?"

"Hamna kitu, mama."

Ulisema nisimfiche mtu. Sentensi hiyo ilinijia mpaka kwenye meno, nikaifungia hapo. Joy alikuwa ameanza shule; kwenye simu alikuwa ameanza kuniita shangazi. Niling'oa ukurasa polepole, kwa kufuata uzi wa daftari, usichanike vibaya.

Aliukunja mara nne. Akatazama daftari tena, jicho la wakili, akanirudishia pamoja na kalamu yake. "Rekebisha namba."

Namba zilikuwa za penseli; nikazifuta, nikarekebisha. Kumi na mbili ikawa kumi na moja, kumi na tatu ikawa kumi na mbili, hadi mwisho. Mwandiko wangu ni mzuri, hapakuonekana kitu.

Alikwenda kwa kaka yake, mlango ukafungwa. Miezi tisa yote, kumbe ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Nilipomuaga Bi Bakhita, aliushika mkono wangu muda mrefu. "Nenda, mwanangu. Mie bado nna mwezi na kitu."

Daftari lilibaki kwa Jawaher. Mwaka uliofuata nilimwona kwenye simu, nikiwa Nakuru, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya kidevu chake. Alikuwa amelishika juu mbele ya wabunge, akisema ni sauti ya mwanamke mtumishi huko Ghuba ambaye hangeweza kumtaja jina. Mama yangu, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, akasema, "Huyu mtu ana moyo."

"Ni wakili mzuri, mama."

Jawaher alisoma ukurasa wa kumi. Akafunua, akaendelea na uliofuata. Ulisomeka vizuri. Hakuna aliyesikia pengo.