Bebinka ya Udongo Mwekundu

Metrine alikuwa akitenga viini vya mayai jikoni kwa mwajiri wake Mwarabu, Malaz, ute ukimchuruzika kati ya vidole, Justus alipompigia simu kutoka Kimilili. Mama yao alikuwa amezikwa asubuhi hiyo, na Metrine, kifunguamimba, hakuwapo kutupa konzi yake ya udongo.

"Dada, kaburi limekataa kujaa," alisema Justus. "Vijana wamesukuma wilbaro mpaka wamechoka. Tukimwaga, udongo mwingi unapotea."

"Nani alitupa wa kwanza?"

"Pasta alisema nitupe mimi."

"Si nilikwambia mningoje?"

Justus alijua kosa lake. Kwao mdogo hamtangulii mkubwa kwenye kaburi la mama, lakini pasta alikuwa na mazishi mengine Bokoli na alikuwa anaangalia saa.

Metrine akarudi kwenye bebinka. Kitamu hicho cha Goa alifundishwa na Filomena, mpishi aliyemtangulia katika nyumba hiyo: tui la nazi, viini, sukari, unga, kungumanga. Unamimina tabaka moja, unalichoma kwa moto wa juu mpaka liive, unalipaka samli, ndipo unamimina la pili. Haraka haina baraka; matabaka mabichi hushikana. La kwanza lilitoka la hudhurungi kama kawaida. La pili lilitoka udongo mwekundu, wenye unyevu, na kimzizi cha mhindi ndani yake. Metrine akalipaka samli, maana likiachwa kavu lingeharibu la tatu. Hilo nalo likatoka udongo, na yote yaliyofuata.

"Udongo uko huku," alimpigia Justus kumwambia. "Nitaurudisha mwenyewe."

Madam alichungulia oveni, akasema rangi imekolea vizuri. Kuhusu ruhusa ya kwenda kwao, pasipoti yake ilikuwa Jeddah kwa baba mwenye nyumba, ambaye ndiye kafili, mdhamini wake wa kazi. "Tunaenda huko kwa harusi. Bebinka halas, kwisha kwanza, baadaye wewe safari." Metrine akaamini. Mfa maji haachi kutapatapa.

Lawrence, dereva wao kutoka Kakamega, aliendesha taratibu, sinia likiwa mapajani mwa Metrine.

"Pole kwa mama," alisema. "Inanukia shamba lililonyeshewa."

Metrine akalia, na madam akaomba AC iongezwe.

Jeddah, baba ndiye aliyekata kipande cha kwanza.

"Baba, naomba kibaki kimoja tu," Metrine alisema. "Na pasipoti."

"Bukra, inshallah," alijibu. Kesho hiyo Metrine alikuwa ameahidiwa tangu mama alipolazwa. Baba akatema kijiwe kwenye tishu, akajiongezea. Wageni walikula kwa furaha, wakapangusa wekundu midomoni, wakasifu nazi. Bibi harusi akakwangua sinia kwa kijiko. Hilo ndilo lililomuuma Metrine kuliko yote, kwani mwenye shibe hata makombo hakumwachia. Alikuwa ameshavaa viatu vya safari.

Justus akapiga tena.

"Unakuja lini, dada? Watu wameenda makwao, na mvua inataka kunyesha."

"Wameumaliza. Wameula wote."

Justus hakuuliza ni nani. "Basi tutafunika na mabati."

"Mama amefunikwa mpaka wapi?"

"Miguu na kifua," alisema Justus. "Upande wa uso, jeneza bado tunaliona."