Mchangiaji Asiyetaka Kufichwa

Eruera aliposema anakwenda mjini kuchangia mbegu zake za kiume, banda zima la kukatia manyoya ya kondoo liliacha kazi. Mashine zikazimwa moja moja. Kondoo aliyenyolewa nusu akabaki amekaa katikati ya miguu ya Kahurangi, mkata manyoya mwenzake, ameduwaa kama wengine.

"Wanakulipa ngapi?" Kahurangi akauliza.

"Hawalipi. Sheria imekataza."

"Hata dume la mwenye shamba huongezewa shayiri, kaka. Wewe utapewa nini, biskuti?"

"Na chai."

Walicheka mpaka saa ya kula, na Eruera alicheka nao, maana ukinuna kwenye banda lile umekwisha. Ila sababu yake haikuwa ya kuchekesha. Ripeka, binamu yake aliyekuwa akichambua manyoya humo humo bandani, alikuwa na mwaka wa tatu kwenye foleni ya kliniki. Yeye na mumewe walitaka mchangiaji wa Kimaori kama wao, wenyeji wa asili wa nchi ile, na wanaume hao kwenye orodha ya kliniki walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Eruera asingeweza kumpa Ripeka. Babu yao mmoja. Lakini aliwaza kwamba huko nchini yupo Ripeka wa watu wengine, naye huenda ana binamu. Nikimpa yule, huenda binamu yake akampa huyu wetu. Alijua hesabu hiyo haina mashiko, ila ilikuwa imemkaa moyoni na haikutaka kutoka.

Mkewe Ngaire alikubali baada ya siku mbili za kununa. Aliyebaki ni Shangazi Materoa.

Bibi huyu wa miaka sabini na tisa alikuwa na ukoo mzima kichwani, vizazi ishirini na zaidi, na angeweza kuutaja bila kumeza mate. Eruera alimkuta jikoni akimenya viazi vitamu. Akamweleza yote. Shangazi hakuinua macho.

"Kwa hiyo utawamwaga wajukuu zangu duniani kama unga wa gunia lililotoboka."

"Watakuwa na wazazi, Shangazi. Watu waliowalilia miaka."

"Sijakuuliza nani atawalisha. Nauliza nani atawaambia wao ni kina nani. Siku moja binti yako atatuletea mchumba hapa, kumbe kaka yake."

"Wakifika miaka kumi na nane wana haki ya kuuliza jina langu."

"Kumi na nane mimi niko udongoni." Akaweka kisu. "Waandikie sasa. Mlima wetu, mto wetu, mtumbwi uliowaleta wazee wetu nchi hii, jumba la ukoo, mababu. Usipowaandikia, sikubali."

Hakuwa anatania. Na Eruera, mwanaume wa miaka thelathini na sita mwenye watoto wawili, alijua kwamba asipopata neno la yule bibi haendi popote. Mbegu zilikuwa zake, lakini ukoo haukuwa wake peke yake.

Kliniki, kwa bahati, ilimtaka kila mchangiaji aandike barua, ili familia ziisome zinapochagua. Eruera akajaza kurasa mbili. Mshauri wa kliniki, mama wa Kizungu aliyeitwa Alison, alianza kuisoma akitabasamu, kisha akavua miwani.

"Barua hii hairuhusiwi kukutambulisha mpaka mtoto awe mtu mzima."

"Sijaandika jina."

"Umeandika mlima, mto, jumba la ukoo na baba wa babu yako. Mmaori yeyote akiisoma atakuwa mlangoni kwako kabla ya chakula cha mchana."

"Kabla ya chai ya saa nne," Eruera akamsahihisha.

Alison akacheka kidogo, lakini kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi. "Tuache hapa: mkata manyoya, mcheshi, anapenda raga."

"Hiyo ni nusu ya wanaume wa nchi hii."

"Tunakulinda, Eruera. Wachangiaji wengi wanaogopa kubishiwa hodi."

"Mimi naogopa wasipobisha."

Alilisema kwa sauti ya chini. Akaeleza habari ya Shangazi. Barua ikikatwa, safari inaishia pale, na Ripeka wa watu wengine atabaki kwenye foleni. Alison akaiweka kalamu mezani. Ipo njia, akasema. Mchangiaji akitaka kujulikana mapema anaweza kutia saini, na barua nzima itaonyeshwa kwa familia zile tu zinazotaka kumjua.

"Ila wengi watakuruka. Watu huogopa. Huenda usichaguliwe kabisa."

Eruera akatia saini. Akarudi nyumbani akiwa na neno hilo la mwisho, likimkera njia nzima.

Vipimo vikafanywa, mbegu zikalazwa kwenye barafu miezi sita, kisha kimya. Bandani Kahurangi aliuliza kila Jumatatu kama dume letu limepata zizi. Mwanzoni Eruera alijibu kwa utani. Baadaye akawa anainamia kondoo wake tu, na Kahurangi, ambaye si mtu mbaya, akaacha kuuliza. Siku moja alimvuta pembeni na kuomba namba ya simu ya kliniki, eti kwa ajili ya rafiki yake anayetaka kuchangia pia. Ripeka alipoipata habari hiyo alicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko.

Alison alipiga simu msimu wa baridi. Eruera amechaguliwa, na barua ndiyo iliyofanya achaguliwe. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kiume, na alipotimiza miezi minne wazazi wake wakaomba kumleta.

Wakaja Jumamosi asubuhi. Anahera, mama wa mtoto, na mumewe Tipene wakasimama getini kwenye uwanja wa ukoo, kama desturi ilivyo, wakisubiri sauti ya mwanamke wa ndani iwaite. Wenyeji walikuwa barazani mwa jumba. Kuita ilikuwa kazi ya Shangazi Materoa. Badala ya kuita, akashika fimbo yake, akashuka, akaukata uwanja mzima hadi getini. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Eruera akamfuata mbio.

"Nipe huyu," Shangazi akasema.

Anahera akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Ndiyo hofu aliyosafiri nayo, kwamba watu hawa siku moja watasema ni wao.

"Simchukui, mwanangu. Mama yake ni wewe, na nitakurudishia sasa hivi. Lakini anayengoja getini ni mgeni, na huyu hapa si mgeni. Wageni ni ninyi. Nataka awakaribishe yeye."

Anahera akamtazama mumewe. Tipene alikuwa analia waziwazi, akaitikia kwa kichwa. Polepole Anahera akalegeza mikono.

Shangazi akarudi na mtoto mpaka upande wa wenyeji, hatua kwa hatua, fimbo ameiachia Eruera. Akageuka, mtoto kifuani, akapaza sauti na kumwita mama yake aingie.