Makochi ya Mgeni wa Serikali

Makochi ya mke wa dereva yalitoka chumbani kwake yakiwa bado na nailoni za dukani, yakapitishwa mlangoni kwa ubavu, mwenyewe akifuata nyuma na kutuapia kwamba yakikwaruzwa tutamjua yeye ni nani. Fundi saa alileta saa ya ukutani. Jirani mwingine akaleta glasi zenye maua, zile ambazo hata mumewe haruhusiwi kuzigusa. Mimi, fundi cherehani wa uani, nilitoa pazia. Kufikia mchana chumba cha Bibi mfua nguo kilipendeza kuliko vyumba vyetu sote, tukasimama mlangoni tukijisifu kama tumejenga ghorofa.

Bibi alikuwa anamngoja mgeni wa serikali.

Huyu Bibi anafulia watu nguo majumbani tangu nimfahamu. Aliachiwa mjukuu wake akiwa mchanga, mama wa mtoto alipofariki, akamlea kwa mikono hiyohiyo ya sabuni. Binti akakua na mdomo. Hakuna jambo lililopita mbele yake bila kuhojiwa, ndiyo maana ua mzima tulimwita Wakili. Alikuwa na kichwa chepesi, mpaka walimu wakawa wanamwachia wanafunzi wenzake awaelekeze hesabu. Alisoma shule ya serikali, lakini hiyo elimu ya bure ina mikia mirefu: sare, vitabu, chakula cha mchana, ada za mitihani. Mikia yote hiyo ilibebwa na Mpango, msaada wa serikali kwa wanafunzi wasiojiweza. Bila Mpango, Wakili hana shule. Tulilijua hilo sote, na Bibi alilijua zaidi.

Sasa wakubwa wakataka kuhakiki nani anastahili na nani hastahili. Mwalimu mlezi akamwambia binti apeleke salamu nyumbani kwamba afisa wa Mpango atapita kuwatembelea. Basi, hakueleza zaidi. Na kwetu mtu akija kukutembelea unafanya nini? Unafagia, unaazima, unampa kiti kizuri na kinywaji baridi, ukishamsindikiza ndipo unarudisha vitu vya watu. Kwenye ua huu tumeishi hivyo miaka yote. Glasi zile zimehudhuria misiba na posa za kila chumba.

Aliyepinga ni Wakili peke yake. Alisema afisa haji kunywa soda, anakuja kuona wanavyoishi, basi aachwe aone. Bibi alikuwa anapiga deki na hakuinua hata kichwa.

"Mtu ameacha ofisi yake kwa ajili yako," alisema, "halafu nimkalishe kwenye ndoo? Umaskini ninao, mjukuu wangu, lakini adabu sijakosa."

Nilimuunga mkono, na hata leo ukiniuliza nitamuunga mkono. Wa kulaumiwa ni wale waliokaa kwenye viti vyao vya kuzunguka wakaamua kwamba umaskini wa mtu unapimwa kwa kuchungulia sebule yake, tena na mtu asiyemjua.

Afisa alikuja. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu safi, akapokea soda kwa mikono miwili. Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyeshika sinia. Alitazama makochi, akatazama saa na pazia, akaomba ruhusa apige picha kwa simu yake. Bibi akajiweka sawa, akatabasamu, kwa sababu alidhani anapigwa yeye. Kisha kijana akauliza kwa upole uleule:

"Bibi, vitu hivi ni vyako?"

Wakili alikuwa amesimama nyuma ya kochi. Nikaona mdomo wake unafunguka.

"Ni vyangu, mwanangu," Bibi akawahi. "Wewe kunywa."

Binti akamtazama bibi yake, akafunga mdomo. Kumsahihisha pale ilikuwa ni kumvua nguo mbele ya mgeni, na msichana aliyewahi kubishana na mwalimu mkuu mwenyewe hakuliweza hilo. Nilimpenda kwa kunyamaza kwake, na papo hapo nilitamani kumzaba kibao.

Jibu likaja kabla muhula haujaisha. Familia ina uwezo, msaada umesitishwa.

Bibi alifunga safari kwenda ofisini, na mke wa dereva akaenda naye kuyatolea ushahidi makochi yake. Waliporudi mke wa dereva alinisimulia. Afisa aliwasikiliza vizuri, halafu akauliza kama Bibi anakubali kwamba aliidanganya serikali. Bibi wa watu akainamisha kichwa. Mke wa dereva akamjibu afisa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Hata hivyo kijana alionekana kuingiwa na huruma, akasema wakate rufaa, naye atarudi kuangalia tena bila kutoa taarifa.

Akarudi kweli, asubuhi, Bibi akijiandaa kwenda kazini kwake kwa watu. Safari hii alikuta chumba kama kilivyo: godoro lililokunjwa pembeni, beseni, ndoo, jiko la mkaa. Wakili alimkaribisha kwa furaha kabisa, na mimi nikapumua, nikajua mambo yamenyooka. Afisa akatoa simu, akafungua picha za siku ile, akawa anatazama picha na kutazama ukuta. Msumari wa saa ulikuwa bado upo.

"Makochi mmeyahamishia wapi?" akauliza.

Wakili akamwambia ni ya jirani, waende akamwonyeshe.

"Kila niliyemkatalia husema vitu vyake ni vya jirani," afisa akasema. "Wengine nimewakuta wamevirundika uani chini ya turubai. Nitajuaje nyinyi si kama hao?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi, maana mbaya ungemtukana ukapoa. Wakili akaeleza. Siku hiyo aliongea kuliko siku zote, kwa mpangilio, bila kulia, hatua kwa hatua mpaka mwisho. Afisa akamsikiliza, akatikisa kichwa, akasema binti anayejieleza hivi ni wazi amefundishwa cha kusema. Rufaa ikaanguka.

Walimu waliahidi kumsemea. Sijui kama walisema, ila hakuna aliyerudi kutuambia. Shule ilipofunguliwa Wakili alibaki nyumbani, akaanza kwenda na Bibi kuchukua nguo za watu, na kwa kuwa mikono ya Bibi siku hizi inavimba, nyingi anafua yeye.

Juzi walikuwa bombani mbele ya cherehani yangu. Binti akafungua furushi la wateja, akatoa shuka, akatoa suruali, kisha akatoa blauzi nyeupe yenye beji ya shule yake. Akasimama nayo. Bibi akanyoosha mkono, akamwambia hiyo ampe afue yeye.

"Acha, Bibi," akasema. "Naijua inavyofuliwa."

Akaipaka sabuni, akasugua kola taratibu, akaisuuza, akaikung'uta na kuianika huku akinyoosha mikono ya blauzi mmoja mmoja. Bibi akageukia ukutani. Mimi nikakanyaga cherehani bila uzi, ili wasijue kwamba nimeona.