Upanga wa Mgaya Wabisha Hodi

Jumamosi hii nililala mchana, tumbo likiwa limejaa wali maharage, na nikaota upanga wa Mgaya umekuja kwangu kubisha hodi.

Nieleze kwanza. Mgaya ni rafiki yangu tangu sekondari, fundi wa kuchomelea mageti hapa Morogoro. Kila Jumamosi saa kumi tunakutana sebuleni kwangu kucheza mchezo wa mezani: kila mtu anaigiza shujaa wa kubuni, dadu yenye pande ishirini inaamua kama amefanikiwa au ameshindwa, na mimi ndiye mwamuzi na mtunga kanuni, kazi niliyojipa mwenyewe bila kupingwa kwa kuwa daftari ni langu. Mgaya ni mpiga upanga. Hidaya, muuzaji wa duka la dawa, ni mchawi. Jumamosi iliyopita Mgaya alikunja karatasi ya shujaa wake akasema, "Wiki ijayo labda nitaangalia mpira." Mgaya hapendi mpira.

Basi nikafungua mlango. Upanga umesimama kwa ncha yake, umekatika mara tatu na kuungwa mara tatu.

"Karibu," nikasema.

"Wewe ndiye uliyeandika ukurasa wa kumi na nne?"

Nikakiri kwa fahari. Ukurasa wa kumi na nne unahusu Uhalisia. Unasema mpiga upanga hubeba mzigo, huchoka, huteleza, na akipata moja kwenye dadu, upanga wake hukatika. Kuhusu wachawi hausemi kitu, kwa sababu uchawi ni uchawi.

"Twende ukapimwe," ukasema upanga, na sebule ikawa kituo cha mizani ya malori. Sikushangaa. Niliuliza tu kama viatu vinavuliwa.

Karani wa mizani ni dadu mwenye pande zake zote ishirini, amevaa reflekta ya njano. Juu ya mizani amekaa mchawi wa Hidaya, anakunywa soda kwa mrija.

"Mpiga upanga," anasoma dadu. "Deraya ya chuma, ngao, kamba, sufuria, chakula cha siku tatu. Kilo thelathini na nane. Mchawi: fimbo, na uwezo wa kuteketeza kijiji. Gramu mia sita."

"Uwezo hauna uzito?" nauliza.

"Kwenye daftari lako, hauna. Vaa."

Navaa deraya ya Mgaya, vazi zima la vita. Natoka jasho. Mizani inageuka kuwa barabara ya mtaani kwetu, na ng'ambo ya mfereji wa maji ya mvua amesimama mamba mwenye vichwa viwili, anasubiri zamu yake kwa adabu ambayo sijawahi kuiona benki.

"Naomba kuruka mfereji nikapambane naye," nasema.

"Mfereji wa mita moja," anasema dadu, na sauti anayoitumia ni yangu, ile ya Jumamosi. "Na chuma chote hicho? Tuwe wakweli, ndugu yangu."

"Mchawi wiki iliyopita aliruka mlima!"

"Ule ulikuwa uchawi. Uchawi hauhitaji maelezo."

Dadu anajirusha mwenyewe, anabingirika, anatulia. Moja. Naingia mferejini kwa mguu wa kulia, tope hadi gotini, na upanga unakatika mara ya nne. Mchawi anainua kidole kimoja. Mamba anakuwa stuli, mchawi anaikalia na kuendelea na soda yake.

"Zamu yako imekwisha," dadu ananiambia. "Subiri robo saa."

Nikasubiri. Humo mferejini ndimo nilimomwona Mgaya vizuri kwa mara ya kwanza: miezi minane kwenye kiti changu cha plastiki, anangoja robo saa ili akose, kisha ananisifu kwa kusimulia vizuri. Niliona aibu, na haikuwa aibu ya ndotoni.

"Hukumsikia akilalamika?" kipande cha upanga kikaniuliza.

"Nilidhani analalamika tu."

Kikanitazama. Kwa kitu kisicho na macho, kilinitazama sana.

"Basi nitamwongezea alama moja," nikasema. Ndivyo sisi watunga kanuni tunavyoomba radhi. "Au nimbane mchawi. Achoke naye, ateleze naye."

"Mkichoka wote," ikasema stuli iliyokuwa mamba, "mimi nitawatafuna wote."

"Mgaya hataki mchawi apunguziwe chochote," upanga ukasema. "Anataka na yeye aruke mlima."

"Kwa nguvu gani?"

"Kwa miguu."

"Hilo haliwezekani."

"Mlima wenyewe uliutunga wewe."

Nikafungua mdomo kubisha, nikaamka.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, niko kwenye kochi, na mlangoni kuna mtu anapiga hodi. Nikafungua. Alikuwa Mgaya mwenyewe, amenyoosha kiganja, na juu ya kiganja ile dadu niliyompa alipotimiza miaka thelathini.

"Nimekurudishia, bwana Sifueli," akasema. "Nisikae nayo bure. Wasalimie wenzangu."

Nikasema lililokuja kwanza.

"Mgaya, leo mbele yenu kuna mlima. Ukitaka, unauruka."

"Kwa nguvu gani?" akauliza kwa uchovu.

"Kwa miguu."

Akanichunguza usoni akitafuta kejeli, ambayo kwa kawaida ipo. Kisha akatazama chini. Suruali yangu, mguu wa kulia, ilikuwa na tope bichi hadi gotini, na mimi tangu asubuhi sikuwa nimetoka nje.

"Umefanyaje tena?"

"Nilitaka kuruka mfereji," nikasema. "Nikapata moja."

Mgaya akarudisha dadu mfukoni, akavuta kiti cha plastiki, akakaa.